Tonjiru nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu supu ya Kijapani ya nguruwe na miso

Niliishi Sendai, kaskazini-mashariki mwa Japani, majira ya baridi matano. Nilirudi Moshi na pakiti mbili za miso, lile rojo la chumvi la soya iliyochachushwa, sandukuni, na tangu hapo kila anayeonja supu hii kwangu huondoka akiuliza maswali yaleyale, kisha hupiga simu siku ya kupika akiwa na mengine. Nimeyaweka hapa yote. Jibu la mengi ni hili: ukikosa kitu, kiruke, endelea kupika. Isipokuwa miso.

Tonjiru ni nini hasa?

Ni supu nzito ya mboga za mizizi na vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, iliyokolezwa kwa miso. *Ton* ni nguruwe, *jiru* ni supu. Maandishi yake yanaweza pia kusomwa *butajiru*, na watu wengi wa visiwa vya Hokkaido na Kyushu hulitumia jina hilo. Chakula ni kilekile.

Usiichanganye na supu ya miso ya kila siku. Ile ni nyepesi, ya kushushia wali: tofu kidogo (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini), mwani kidogo, basi. Tonjiru ni mlo. Bakuli moja, wali mweupe, achari ya figili pembeni, umeshakula. Utaikuta kwenye chakula cha mchana cha shule, kwenye vibanda vya milimani watu wanakoteleza kwenye theluji, na kwenye masufuria makubwa yanayoinjikwa viwanjani baada ya tetemeko la ardhi. Sufuria moja inatosha umati, na kila mmoja anaondoka na nyama, mboga na joto ndani ya bakuli moja.

Ni chakula cha kale?

Miso ni ya kale, nguruwe mezani si sana. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alikataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na kwa karne nyingi baada ya hapo Wajapani wengi walikuwa watu wa samaki na mboga, ingawa kusini kabisa, Okinawa na Kagoshima, nguruwe hakutoka jikoni. Mwaka 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na nyama ikaanza kuliwa bila kujificha.

Mahitaji ni yapi, kwa watu wanne?

Nyama ya nguruwe yenye mafuta gramu 200. Figili nyeupe, ile ndefu nene inayoitwa *daikon*, gramu 200. Karoti moja. Magimbi gramu 250. Liki moja, au fungu la vitunguu vya majani. Kipande cha tangawizi. Mafuta ya ufuta kijiko kimoja kikubwa. Maji mililita 900. Miso vijiko vikubwa vinne, yaani kama gramu 70.

Ukiwa Japani unaongeza *gobo* nusu, ambao ni mzizi mrefu mwembamba wenye harufu ya udongo uliolowa, na *konnyaku*, kitu kama jeli ngumu ya kijivu inayotengenezwa kwa unga wa kiazi fulani na maji ya chokaa. Tofu pia huwekwa. Mimi huiweka nikiipata.

Nyama ipi nzuri?

Ya tumbo, ile yenye tabaka la nyama, tabaka la mafuta, tabaka la nyama. Ukifika kwa muuza kitimoto mwambie hutaki ya kukaanga na ndizi, unataka ya supu, na usikubali akupe steki tupu kwa kudhani anakufanyia hisani. Mafuta ndiyo yanayoelea juu ya supu na kuifunika isipoe haraka. Steki inakauka na kuwa kama kamba.

Japani nyama inauzwa ikiwa imeshakatwa nyembamba kama karatasi. Huku utaikata mwenyewe, na njia rahisi ni kuiweka kwenye friza saa moja hivi, igande nje ibaki na ulaini kidogo ndani, kisha ukate vipande vya unene wa milimita mbili au tatu. Ikiwa haijaganda inateleza chini ya kisu na utaishia na mishikaki.

Nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Nguruwe anaweza kubeba minyoo ya tegu, na unene wa milimita tatu hausaidii kama hukuipika ikaiva. Katika tonjiru inachemka zaidi ya dakika ishirini, kwa hiyo hili halitakusumbua kama hufanyi haraka.

Nafuata hatua gani?

Anza na magimbi. Ya kwetu ni jamaa wa karibu kabisa wa *satoimo* ya Kijapani, lakini ni makubwa na magumu zaidi, hivyo mimi huyachemsha pembeni hadi yakaribie kuiva, namwaga yale maji, kisha nayakata vipande vya kuingia mdomoni.

Bandika sufuria, tia mafuta ya ufuta, weka tangawizi iliyokatwa nyembamba na nyama. Geuza hadi wekundu uishe. Ongeza gobo kama unao, kisha karoti na figili zilizokatwa robo duara. Zigeuze dakika mbili tatu mpaka zing'ae mafuta. Usiharakishe hapa, maana mboga zilizopitishwa kwenye mafuta ya nguruwe hazina ladha sawa na zilizotumbukizwa tu majini.

Mimina maji. Yakichemka, povu la kijivu litapanda. Lienguwe kwa upawa, pole pole, lakini usigeuke mwindaji wa kila kipovu: povu ni la kijivu na lina mashapo, mafuta ni matone yanayong'aa. La kwanza litupe, la pili liache. Punguza moto, weka magimbi, funika nusu, acha dakika kumi na tano.

Sasa koroga vijiko viwili vya miso ndani, acha itokote taratibu dakika tano. Weka liki. Zima moto. Ndipo unamalizia vijiko viwili vilivyobaki.

Kwa nini miso inawekwa mara mbili?

Nusu ya kwanza inapikwa pamoja na mboga ili figili na magimbi yaingiwe ladha hadi ndani. Lakini miso ikichemka inapoteza harufu yake, inabaki chumvi na uzito tu. Nusu ya pili ni kwa ajili ya pua. Wapo Wajapani wanaoweka yote mwishoni na wapo wanaoigawa, na kila upande unaona mwenzake hajui kupika. Mimi nimeegemea kwa bibi aliyekuwa akiishi chini ya chumba changu, naye aligawa.

Miso yangu inabaki mabonge. Nakosea wapi?

Umeitupa sufuriani na kukoroga. Yule bibi alikuwa akichota miso kwa upawa, anauzamisha upawa nusu tu ili supu iingie kidogo, kisha anasugua kwa vijiti ndani ya upawa wenyewe, duara ndogondogo, hadi kinachobaki ni uji. Ndipo anauinamisha. Halafu anarudia. Kama huna mkono wa vijiti, tumia kijiko, au weka miso kwenye chujio la chai na uisukume ndani ya supu.

Siku yangu ya kwanza nilizamisha bonge zima nikaenda kuoga. Nilirudi nikakuta supu ya maji juu na bonge la chumvi limeganda chini ya figili, na mgeni wangu ndiye aliyelipata.

Miso ipi ninunue?

Miso hutengenezwa kwa soya, chumvi na *koji*, yaani nafaka iliyooteshwa kuvu wa *Aspergillus oryzae*. Nafaka ikiwa mchele inaitwa *kome miso*, na ndiyo iliyoenea. Ya shayiri, *mugi miso*, ni ya Kyushu na ina utamu kidogo. Ile nyeusi nzito ya soya peke yake, *mame miso*, ni ya upande wa mkoa wa Aichi. Maarufu zaidi ni *Hatcho miso* ya mji wa Okazaki.

Kwa tonjiru chukua ya mchele, ya rangi ya kahawia au nyekundu. Sendai ina yake, nyekundu na kali ya chumvi, na inasimama vizuri mbele ya mafuta ya nguruwe. Ile nyeupe tamu ya Kyoto iache, itaifanya supu ionekane kama imetiwa sukari. Ukikuta pakiti imeandikwa kwamba imeshachanganywa na *dashi*, mchuzi wa Kijapani nitakaoueleza chini, ni sawa, ila usiongeze tena kiungo cha mchuzi cha paketi. Utakunywa bahari.

Na kama sina miso kabisa?

Basi hupiki tonjiru leo. Nimeombwa mbadala mara nyingi, na nimejaribu: mchuzi wa soya, siagi ya karanga na chumvi, hata soya niliyoisaga mwenyewe. Mchuzi wa soya ulitoa supu nzuri, lakini supu nyingine.

Tafuta kwenye supamaketi kubwa za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, upande wa vyakula vya Asia, au maduka ya Wachina na Wakorea. Wakorea wana *doenjang*, ya soya pia, yenye harufu kali zaidi. Hiyo inapita kwa dharura. Anza na vijiko vitatu badala ya vinne na uonje.

Soya inalimwa Ruvuma. Si nitengeneze miso mwenyewe?

Wazo zuri, na soya yetu inafaa. Kikwazo ni koji. Unahitaji mbegu safi ya kuvu iliyoandaliwa na wanaojua, kisha miezi sita hadi mwaka wa kusubiri. Usijaribu kuacha wali uote ukungu wenyewe ukitumaini bahati. *Aspergillus oryzae* ni ndugu wa *Aspergillus flavus*, anayetoa sumukuvu, na watu wa Dodoma na Manyara hawajasahau mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yalivyoua. Ukipata mbegu ya koji ya kununua, niite, nitakuja kukusaidia kuponda soya.

Lazima niwe na dashi?

Hapana. Dashi ni mchuzi wa msingi wa Kijapani, unaotokana na mwani wa *kombu*, vipande vya samaki *katsuo* aliyekaushwa, au dagaa. Kwenye supu ya miso ya kawaida ukiikosa utajua. Kwenye tonjiru nguruwe na mboga zinatoa mchuzi wao, na nyumba nyingi hutumia maji matupu.

Lakini kama una dagaa, una dashi, na hapa ndipo nilipofurahi zaidi niliporudi nyumbani. Dagaa wanaotumika Japani wanaitwa *niboshi*, na maana ya neno lenyewe ni "waliochemshwa wakaanikwa". Ndivyo wanavyofanyiwa dagaa wengi wa Zanzibar: wanachemshwa kwenye maji ya chumvi, kisha wanaanikwa. Chukua kiganja kimoja, ng'oa vichwa na matumbo, kwa sababu uchungu unakaa huko, waoshe kupunguza chumvi, walaze kwenye maji ya supu nusu saa. Chemsha dakika tano na uwatoe. Maji hayo ndiyo utakayomimina sufuriani. Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma kwa kawaida huanikwa bila kuchemshwa na harufu yao ni nzito. Nimewatumia, supu ikatawaliwa na ziwa.

Mwani wa Zanzibar unaweza kuwa kombu?

Hauwezi. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine kabisa, na unauzwa nje kwa ajili ya ute wake wa kugandisha vyakula na vipodozi. Ukiuchemsha utapata utelezi, si ladha. Kombu ina glutamati kwa wingi. Ni kwenye kombu ndiko Kikunae Ikeda, profesa wa kemia wa Tokyo, alikoipata mwaka 1908 na kuipa ladha hiyo jina la *umami*.

Gobo sijawahi kuuona sokoni. Niweke nini?

Usiweke kitu. Nasema hivi kwa huzuni kidogo, maana kwangu gobo ndio harufu ya tonjiru, lakini hakuna mzizi wetu unaofanana nao. Uyoga mbichi utaongeza kina, huo weka, ukijua ni nyongeza tu.

Kwa mlioko Ulaya, Marekani au Ghuba, ambako maduka ya Kiasia mara nyingi huwa nao: usiumenye. Upare kwa mgongo wa kisu utoe udongo tu, maana harufu iko karibu na ganda. Kisha uuchonge kama unavyochonga penseli kwa kisu, ukiuzungusha kwa mkono wa kushoto, vipande vyembamba vianguke moja kwa moja kwenye bakuli la maji. Maji yatageuka kahawia ndani ya dakika moja. Acha dakika tano, chuja, usizidishe, la sivyo utaosha na harufu.

Magimbi yananiwasha mikono. Na siku moja yaliwasha ulimi.

Yana vijifuwele vidogo kama sindano, ndivyo vinavyochoma ngozi. Menya mikono ikiwa mikavu, au ipake mafuta ya kula kwanza. Ulimi ukiwasha maana yake hayajaiva, hakuna fumbo hapo. Satoimo nayo huwasha Wajapani vilevile. Wao husugua vipande kwa chumvi na kuviosha kupunguza ute kabla ya kupika.

Ndugu zangu wa Kenya, ndiyo, ni nduma. Na ukiwa huna, weka viazi mviringo. Hokkaido ndivyo wengi wanavyofanya. Viweke dakika kumi za mwisho visije vikavurugika.

Sisi hatuli nguruwe. Tuna namna?

Ipo, na si ya kubuni. Kagoshima wana *satsumajiru*, supu ya miso na mboga za mizizi ambayo kwa asili ni ya kuku. Fuata hatua zote hapo juu, tumia paja la kuku lenye ngozi, na viazi vitamu badala ya magimbi ukipenda. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza peke yake.

Ila soma pakiti ya miso. Nyingi huongezwa pombe kidogo ili uchachu utulie na pakiti isivimbe. Tafuta isiyoongezwa pombe, au yenye alama ya halali, zipo. Asiyekula nyama kabisa atafute *kenchinjiru*, ya mboga na tofu, ambayo jina lake huhusishwa na hekalu la Kencho-ji, Kamakura.

Nina presha. Ninywe?

Miso ya kawaida ina chumvi kama asilimia 12, kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja kwa bakuli ni karibu gramu mbili za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu tano kwa siku nzima. Punguza miso hadi vijiko viwili na nusu kwa sufuria, ongeza mboga na tangawizi, kula vilivyomo na uache mchuzi bakulini. Siku hiyo usitie chumvi kwenye wali. Daktari wako akisema hapana, msikilize yeye.

Mjapani mmoja aliniambia hiyo ni imoni, si tonjiru. Nani yuko sahihi?

Inategemea alizaliwa wapi, na jiandae kukaa. *Imoni* ni supu ya satoimo inayopikwa kando ya mto wakati wa vuli, majirani au wafanyakazi wenza wamezunguka moto. Bara la mkoa wa Yamagata wanaipika kwa ng'ombe na mchuzi wa soya. Pwani yao, Shonai, na jirani zao wa Miyagi, ambako ndiko Sendai iliko, wanaipika kwa nguruwe na miso. Watu wa Yamagata wakiiona ya Sendai wanacheka: "Hiyo si imoni, ni tonjiru tu." Nimeisikia kauli hiyo kando ya mto Hirose nikiwa nimeshika bakuli, na aliyeisema alikuwa ameomba la pili. Msimu huo maduka madogo ya Sendai huweka kuni mlangoni, tayari kwa wanaokwenda mtoni.

Nile na nini?

Wali mweupe usio na mafuta wala nazi. Juu ya supu nyunyiza *shichimi*, mchanganyiko wa viungo saba wenye pilipili. Ukikosa, kaanga ufuta kidogo bila mafuta, changanya na pilipili kavu ya kusaga na ganda la chungwa lililokaushwa. Inakaribia sana. Mume wangu huila na chapati asubuhi kama supu nyingine yoyote, na sijapata hoja ya kumzuia.

Miso iliyobaki inakaa muda gani?

Miezi mingi kwenye friji, ikiwa imefunikwa vizuri. Ikigeuka rangi na kuwa nyeusi zaidi haijaoza, inaendelea kukomaa tu. Unaweza kuiweka hata kwenye friza, haigandi kuwa jiwe kwa sababu ya chumvi, unachota kama kawaida.

Na supu iliyobaki?

Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, lakini usiiache jikoni usiku kucha, hasa kwa joto la Dar au Mombasa. Sufuria kubwa ya nyama inapoa polepole katikati na bakteria wanazaliana humo. Igawe kwenye vyombo vidogo, ipoe, iingie friji, imalize ndani ya siku mbili tatu. Kupasha, moto mdogo, na ongeza nusu kijiko cha miso mwishoni kurudisha harufu. Wajapani hutia tambi nene za *udon* ndani yake, au huigeuza kuwa mchuzi wa kari. Usiigandishe ikiwa na viazi au konnyaku. Viazi vinakuwa kama mchanga na konnyaku kama sponji.

Nikitia tui la nazi?

Shangazi yangu wa Tanga alitia, nilipokwenda kuchota maji. Tulimaliza sufuria. Sijui aite nini, ila si tonjiru.